Namna ya Kukopesheka Tabora Ukiwa Mstaafu na Mgeni

Umestaafu. Pensheni yako inaingia benki ya Muscat, au Mombasa, au Birmingham, na wewe mwenyewe umeshahamia Tabora, mji aliozaliwa bibi yako. Asali unayo, karanga unazo, maembe ya bure msimu ukifika. Unachokosa ni kadi ya mkopo ya benki ya hapahapa. Uliiomba. Kijana wa dirishani akatazama pasipoti yako ya kigeni, akatazama mvi zako, akasema utapigiwa simu. Haitapigwa. Sogea hapa karibu, mzee wangu, na wewe mama yangu sogea, tuelekezane. Mji huu ulikuwa unapokea wageni wenye mali ya mkopo kabla benki ya kwanza haijafika, na mlango walioingilia wale wa zamani bado uko wazi.

1. Ondoa aibu kwanza

Ukienda kuomba mkopo umeinamisha shingo, umeshanyimwa. Basi jua uko kwenye msafara gani. Januari 1871 Henry Morton Stanley alishuka Zanzibar ametumwa na gazeti la New York Herald amtafute mpelelezi Livingstone. Fedha alizoahidiwa hazikuwa zimefika. Balozi mdogo wa Marekani, Francis Webb, akamdhamini, milango ya maduka ikafunguka, na miezi michache baadaye Stanley alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na mizigo ya kitambaa cha merikani, shanga na nyaya. Safari iliyompa jina dunia nzima ilianza kwa deni.

Wala hakuwa peke yake. Karibu kila mfanyabiashara aliyepanda kutoka Bagamoyo alikuwa amebeba bidhaa za watu: nguo za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, zilipwe kwa pembe atakaporudi. Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, naye alianzia hapo. Kwa hiyo ukikaa mbele ya afisa mikopo, unafuata desturi ya njia hii. Kaa vizuri kwenye kiti. Usikalie ukingo.

2. Vaa, halafu karibisha

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, Novemba 1857, aliyewapokea kwa ukarimu mkubwa ni Snay bin Amir. Burton aliandika kwamba mtu huyo alianza maisha Muscat akitengeneza halua, na kwa muda wa miaka 16 hivi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa bara. Nyumba yake ilikuwa wazi kwa wageni, na kila aliyekula kwake alikwenda kumsifu kwingine. Utajiri huo ulitoka kwenye pembe na kwenye watu waliouzwa, na hilo halina pambo. Biashara ile usiisifu. Lakini namna alivyosimama mbele ya watu, hiyo isome.

Kanzu yako ipigwe pasi. Mama, toa ile kanga ambayo haijawahi kufuliwa. Ukifika benki usiwe wa kwanza kutaja fedha. Sema "Mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi, uone nyuso zinavyofunguka. Kijana akikuamkia shikamoo, itikia marahaba taratibu, muulize kwao ni wapi. Akisema Nzega au Urambo, una la kuongea naye. Afisa mikopo ana bosi wa kumridhisha na shabaha ya mwezi ya kufikia. Mpe sababu ya kukukumbuka kwa wema, na faili lako halitalala chini ya mengine.

3. Pata wa kukusimamia, na njia ya mkato ni msibani

Benki itakutaka kibali cha ukaazi, kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkaazi, namba ya mlipakodi na barua ya serikali ya mtaa. Vitatu vya kwanza vina ofisi zake na foleni zake. Anza na kibali, maana bila hicho hivyo vingine havisogei. Barua ndiyo inayowatesa wageni. Mwenyekiti hawezi kuandika kwamba anakufahamu wakati hakufahamu.

Sasa nikunong'oneze. Nenda misibani. Mtaa wowote, Isevya, Ng'ambo, Cheyo, haupiti muda bila msiba. Fika mapema, toa rambirambi yako iandikwe daftarini, kaa mkekani mpaka watu wa makaburini warudi. Mwenyekiti yupo pale, mjumbe yupo pale, na aghalabu hata yule dada wa benki yupo pale. Ukishakuwa mzee anayeonekana misibani, barua unaiomba leo na kuichukua kesho. Na siku yako wewe ikifika, utakuwa na wa kukuzika. Hiyo nayo ni faida, tena kubwa kuliko kadi.

4. Onyesha kwamba hutoroki

Mkopeshaji hababaishwi sana na wingi wa mali yako. Anataka kujua kama atakupata. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alilielewa jambo hili: alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mkwe wa mtemi haondoki usiku.

Wewe huenda umeshaoa, na umri umekwenda. Ziko njia nyingine. Andikisha mkataba wa pango wa miaka kadhaa, mbele ya wakili. Lipa kodi ya nyumba kupitia benki ileile unayoiomba kadi, mwezi kwa mwezi, ili taarifa ya akaunti ikusemee. Ankara ya maji iwe kwa jina lako.

Ipo njia moja ya mkato utakayoshauriwa barazani, nayo uikatae: kununua kiwanja kwa jina la shemeji. Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Siku mkikosana na shemeji, kiwanja ni chake, nyumba ni yake, na wewe ni mpangaji asiye na mkataba.

5. Jikopeshe fedha zako mwenyewe

Hii ndiyo hatua yenyewe, na wengi wanairuka kwa majivuno. Mzee ameongoza idara miaka thelathini, anaona fedheha kuambiwa aweke dhamana. Weka.

Inakwenda hivi. Unafungua amana ya muda maalumu, benki inaizuia, kisha inakupa kadi yenye kikomo kilicho chini kidogo ya amana hiyo. Ukishindwa kulipa wanakata humo. Benki haina hatari yoyote, kwa hiyo umri wako na pasipoti yako vinapungua uzito. Na kinachokuhusu wewe ni hiki: juu ya kadi hapaandikwi popote kwamba ina dhamana. Mhudumu wa hoteli Dar es Salaam hajui. Wakwe hawajui. Itoe taratibu, iweke mezani, acha waione.

Wala usidhani umeonewa. Wakopeshaji wa Zanzibar walifanya zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 forodha ya Sultani ilikodiwa na kampuni ya Jairam Shivji. Mwaka 1876 akaikodi tajiri Taria Topan, ambaye ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Pembe zote za bara zilipaswa kupita forodhani. Mdai alikuwa amekaa mlangoni kabisa, anahesabu mzigo wa mdaiwa wake unavyoshuka chomboni. Basi mweke mdai wako mlangoni: agiza pensheni yako iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya benki hiyo. Benki inayoiona pensheni ikiingia kila mwezi haina haja ya kukuuliza maswali mengi.

Kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu, uandike majibu pamoja na jina la aliyekujibu: amana inaendelea kupata riba au la, baada ya muda gani mzuri wa kulipa watakuachia amana na kukubakizia kadi, na ada ya mwaka ni kiasi gani.

6. Thibitisha kwamba u hai

Usicheke. Livingstone alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa amedhoofika, akitumaini kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Hakukuta kitu. Msimamizi wa mzigo, aliyeitwa Sherif, alikuwa ameuza vyote, na kwa maelezo ya Livingstone, mtu huyo alidai amepiga ramli akaona mwenye mali ameshakufa. Mzee yuko hai, anatembea, na mali yake imeshauzwa kama ya marehemu.

Mifuko ya pensheni nayo ina ramli yake. Mingi inamtaka mstaafu aliye ng'ambo athibitishe uhai kila baada ya muda, kwa hati iliyogongwa muhuri au kwa kufika mwenyewe. Ukichelewa, malipo yanasimama. Pensheni ikisimama, benki inakuta akaunti kavu. Kadi inafungwa, amana inaguswa, na jina lako linapelekwa kwenye kanzidata ya wakopaji. Yote hayo kwa karatasi moja. Tafuta sasa hivi tarehe ya mfuko wako, iandike ukutani kwa herufi kubwa, na anza kushughulikia hati miezi miwili kabla. Posta ina mwendo wake na ubalozi uko mbali.

Na wewe kijana unayesoma haya kwa niaba ya baba au shangazi, kazi hiyo ni yako. Usimwachie mzee.

7. Tumia kidogo, lipa mapema

Tippu Tip aliondoka pwani mwanzoni mwa miaka ya 1870 na hakurudi Zanzibar mpaka 1882. Taria Topan alingoja. Pembe zikashuka, hesabu ikafanywa, na mdaiwa akapata nguvu ya kwenda tena. Benki haitakungoja hivyo. Inakungoja mpaka tarehe ya bili.

Nunua kwa kadi vitu vichache unavyojua utavilipa: tiketi ya ndege, hoteli, dawa zinazoagizwa nje. Sokoni Tabora usiihangaishe. Muuza karanga anataka taslimu au M-Pesa. Bili ikitoka, lipa yote. Chini ya bili utaona kiasi kidogo kimeandikwa kwamba ndicho cha lazima, na kinavutia macho. Usikiguse. Ukilipa hicho tu, kinachobaki kinazaa riba mwezi hadi mwezi, na shati la sikukuu utalilipia mpaka liwe tambara la kupigia deki. Iagize benki ikate deni lote yenyewe, siku mbili baada ya pensheni kuingia.

Jambo la fedha za kigeni pia. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutoza na kulipa bei za ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba akikudai dola, mwambie kwa upole kwamba ni shilingi. Ukitumia kadi ya kule ulikotoka unakatwa tofauti ya kubadili fedha kila unapolipa. Ndiyo maana nakusumbua uipate ya hapa.

8. Ukinyimwa, nyimika vizuri

Usipige meza. Usiseme "mnajua mimi ni nani?", kwa maana tatizo lenyewe ndilo hilo, hawakujui. Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni moja kati ya tatu: kibali kinakaribia kuisha, akaunti ni changa, au umri umevuka ukomo ambao benki nyingi zimeuweka kwa mikopo isiyo na dhamana. La kwanza linarekebishika, la pili linataka subira, na la tatu umeshalipitia kwenye hatua ya tano. Shukuru, waage wote pamoja na mlinzi, rudi baada ya miezi sita ukiwa na faili lilelile limenenepa.

Ila ukitoka hapo umekasirika, utakutana na kijana mwenye fomu ya ukurasa mmoja. Hataki kibali, hataki barua, anataka kadi yako ya pensheni aishike yeye. Huo ni mkopo wa kausha damu. Kimbia, mzee wangu, kwa miguu yoyote uliyobaki nayo. Kwenye njia hii ya misafara wapo walioishi na kufa bara kwa kuogopa kukutana na wadai wao wa pwani. Deni liliwafungia njia ya kurudi kwao. Mimi nimewaona wastaafu wa leo wakibadili njia ya kwenda msikitini, wakibadili namba za simu, wakiacha hata kwenda kwenye misiba. Ni jambo la kuumiza, na hakuna kadi inayostahili hilo.

9. Andika kabla hujasahau

Snay bin Amir aliuawa vitani mwaka 1861. Mfanyabiashara wa njia ile akifa namna hiyo, nguo za watu zimo njiani na hesabu zimo kichwani mwake. Ngoja uone wadai na warithi wanavyoanza. Wewe una karatasi na kalamu. Andika jina la benki, tawi, kiasi cha amana, deni la kadi lilipofikia, na mtu wa kupigiwa simu. Nakala moja mpe mwanao, nyingine mpe jirani unayemwamini. Benki inaruhusiwa kukata deni la kadi kwenye amana, na kinachobaki ni haki ya warithi wako. Lakini hawawezi kudai amana ambayo hawajui kama ipo. Fanya hivyo wiki hii, kabla hata kadi haijatoka.