Mlango Wenye Foleni

Kosa lilianzia Zanzibar. Nilikwenda harusini, nikatembezwa Mji Mkongwe, nikaonyeshwa milango ya nakshi yenye misumari ya shaba. Mwenyeji wangu hakuchoka kunikumbusha kwamba mji huo uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nikarudi nyumbani Ikolo nimeshaudharau mlango wangu wa bati.

Huku kwetu nyumba za wazee zilikuwa za mianzi, nazo mchwa walishazirithi. Lakini Kyela mjini nilimkuta muuza vifaa vya majengo yaliyobomolewa: mabati yenye matundu, nondo zilizopinda, na mlango mmoja mzito kama deni. "Mninga huo, mzee," akaapa. Watu wanne tukaupakia kwenye guta. Mke wangu akauzunguka mara moja, akauliza, "Baba watoto, na ufunguo?"

Ufunguo haukuwepo. Fundi akabomoa ukuta kidogo ili mlango uenee. Nikausugua kwa msasa nikitafuta nakshi. Yakajitokeza maandishi mekundu: DAWA. Nikayaacha. Si nilitaka historia?

Siku ya tatu alfajiri nikamkuta bibi kibarazani, mjukuu mgongoni. Tulipomaliza salamu za "Ugonile", akaninyooshea daftari la matibabu. Nikamweleza kwamba hapa ni nyumbani kwa mtu. Akanitazama kwa huruma, akasema atasubiri tu. Kufika saa nne walikuwa watano, na mmoja analalamika kwamba mwenzake karuka foleni. Mke wangu akawapa chai. Kesho yake wakaja tisa.

Nikapaka rangi maandishi, nikadhani yameisha. Ikaingia masika. Kyela hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa, naona, iliingia kwenye ule mlango. Ukavimba usiku, sisi tukiwa ndani. Asubuhi hiyohiyo mama mkwe akafika kutusalimu. Nilitokea dirishani kumpokea, miguu ikitangulia, naye kwa heshima akageuka kuangalia migomba.

Fundi akaja na randa. Akaokota maranda, akayanusa. "Mzee, mninga hauvimbi hivi. Huu mkaratusi umepakwa vanishi."

Mlango wa bati umerudi mahali pake. Ule mwingine umelazwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, tunaanikia kakao, na kwa kazi hiyo sina lawama nao. Anayeutaka aje na watu wanne, bei tutaelewana. Dawa hatuna.