Kahawa Uani, Fainali Redioni

Nyumbani kwetu Kamuli, wilayani Kyerwa, tunaishi vizazi vinne, na tangu nipate akili sijaona vizazi viwili vinavyofuatana vikishangilia timu moja. Babu ni Simba tangu enzi za Sunderland, kabla jina halijabadilishwa mwaka 1971. Baba, mzaliwa wake wa kwanza, ni Yanga. Mimi nilirudi kwa Babu. Mtoto wa dada, aliye darasa la tano, amekwenda kwa Baba, na jezi yake ya kijani huivua akishikwa kwa nguvu tu ili ifuliwe.

Babu hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira wa Dar es Salaam. Kutoka kwetu ni safari ya zaidi ya kilomita 1,400, na fedha ya kahawa kila mwaka ilikuwa na pa kwenda. Soka lake lote limeingia kwa masikio. Julai 19, 1977 Simba walipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika matatu, Babu alikuwa chini ya mgomba, redio begani. Hadi leo ukimwomba, atakutangazia kwa sauti aliyoiiga kwa Ahmed Jongo wa Redio Tanzania, pasi kwa pasi. Mwaka uliofuata redio hiyohiyo ndiyo iliyomletea habari kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera. Na mwaka 1979, vita vikiwa vimekwisha, ikamletea bao la Peter Tino kule Ndola, lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980 Lagos. Babu huyasimulia yote hayo kwa mfuatano mmoja, na mimi sioni kwa nini ayatenganishe.

Mgawanyiko wa nyumba ulianza 1993. Baba alikuwa kijana, akivuka Murongo kwenda Uganda kwa biashara ndogondogo, na mwaka huo Yanga walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati papo hapo Kampala, wakiifunga SC Villa fainali. Alirudi nyumbani Yanga kamili. Bibi anasema Babu alikula ndizi zake peke yake siku kadhaa. Mwaka haukwisha, Simba nao wakafika fainali ya Kombe la CAF. Walitoka sare ya bila kufungana na Stella kwao Abidjan, kisha wakafungwa 2-0 Dar es Salaam. Usiku ule, kwa maneno ya Bibi, Baba aliingia sebuleni, akaizima redio iliyokuwa ikikoroma bure, akakaa na baba yake mpaka taa ilipoishiwa mafuta. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Babu kukaa na Baba, Yanga walipolikosa Kombe la Shirikisho mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini.

Basi ikaja Mei 25, 2025. Miaka 32 baada ya Stella, Simba wako tena fainali ya Afrika. Walikuwa wamefungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, marudiano Amaan, Zanzibar. Jumapili, mwanzo wa msimu wa kahawa. Uani kwetu turubai lilikuwa limejaa.

Wageni walianza kuja asubuhi, kila mmoja na simu yake ya kuchaji. Betri ya sola haikulalamika. Ilisubiri timu ziingie uwanjani, ndipo televisheni ikazima. Vijana wakatazama njia ya banda umiza, lakini Babu magoti hayamruhusu kupanda kilima kile, na hakuna aliyeweza kumwacha siku kama hiyo.

"Leteni redio," akasema.

Redio ililetwa, haina betri. Mtoto wa dada alikuwa amezitoa asubuhi, zote nne, akazianika juani zipate nguvu, kama alivyomwona Babu akifanya siku zote. Alizianika juu ya turubai. Baadaye Mama akapita na reki kugeuza kahawa.

Tukaingia kwenye kahawa kwa mikono. Shangazi upande huu, majirani upande ule, kuku nao wakaona wamekaribishwa. Mama alisimama na reki akiomba, "Jamani, waitu, msinimwagie ada ya shule!" Betri tatu zikapatikana. Ya nne ikakataa. Katikati ya zogo tukasikia pikipiki ya Baba ikiondoka, na wapo walionong'ona kwamba Yanga huyo anakimbia asione Simba wakishangilia.

Alirudi ametapakaa matope, ameshika betri mpya mkononi. "Tata, hizi hapa," akamwambia Babu, akazitia yeye mwenyewe.

Redio ikanguruma na haukupita muda, dakika ya 17, Joshua Mutale akafunga. Nyumba ilitikisika. Mtoto wa dada aliruka na jezi yake ya kijani, akakumbuka, akaketi.

Kipindi cha pili kikaja na mvua. Mvua ya mwisho wa masika kwetu haipigi hodi. Mama alitoka wa kwanza, Baba wa pili, na sisi wote nyuma yao: turubai hili shika pembe, gunia lile fungua mdomo. Babu akabaki peke yake na redio. Bati lilipiga kelele hata hatukusikia kitu, ndipo dirisha likafunguka na sauti ikatoka kubwa kuliko mvua. Babu alikuwa anatangaza.

Alitutangazia kadi nyekundu ya Yusuph Kagoma huku tunakunja turubai. Alitutangazia bao la Steven Mukwala, tukarusha magunia juu, kisha akatutangazia kwamba limekataliwa. Alitaja majina yote, ya pande zote mbili, mtangazaji wa kweli aliyechelewa kupewa kipaza sauti. Katika dakika za nyongeza akasema Soumaïla Sidibé wa Berkane amesawazisha, bao moja kwa moja, akafunga dirisha.

Baba aliacha gunia mlangoni, akaingia na maji yake yote, akakaa pembeni ya baba yake. Mimi nilichukua lile gunia.

Kahawa nyingine iliota ukungu na bei yake ikashuka. Betri ya nne ilijitokeza kwenye mizani siku ya kuuza, mbele ya watu. Mama hajapenda hadithi hiyo isimuliwe, lakini ameniruhusu kwa sharti niandike na hili: fedha iliyopatikana, sehemu imewekwa kwa Bibi. AFCON ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Kampala ni karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Babu ataingia uwanjani. Nawe msomaji, kama una mzee aliyeupenda mpira maisha yake yote kwa masikio tu, anza sasa kumwekea nauli na tiketi.