Namna ya Kufundisha Raunda Bila Mtoto Kugusa Mpira

Kwanza hakikisha kipindi cha mazoezi ya viungo kipo kwenye ratiba. Kiandike kwa wino mwekundu, kibandike ukutani, mkaguzi akija akione. Kisha mwachie mwalimu wa hisabati hizo dakika 35, wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne, naye akiwa amechoka na sehemu, toka na darasa lako uwanjani mkacheze raunda.

Mchezo wenyewe ni rahisi, na hilo ndilo linaloutia hatarini. Mrushaji anautupa mpira mkono ukitokea chini, uingie baina ya goti na utosi wa mpigaji. Mpigaji anaupiga kwa gongo fupi la kushikwa kwa mkono mmoja (ndugu zangu wa Tanzania, nasema gongo la mti), halafu anatimua mbio kuzunguka nguzo nne. Akiifikia ya nne kwa pigo lilelile, amepata raunda moja. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Mdakaji akiigusa kwa mpira nguzo ambayo mpigaji anaikimbilia, pia ametoka. Vitabu vya sheria vinasema kutoka nguzo hadi nguzo ni mita 12, ila ya tatu hadi ya nne ni mita 8.5. Wewe pima kwa hatua. Nguzo isipopatikana, tumia sweta la mtoto aliyenyamaza.

Sasa, jihadhari na walimu vijana waliotoka chuoni juzi. Watakushauri uwagawe wanafunzi wako 60 makundi kumi ya watoto sita: mmoja apige, mmoja arushe, mmoja akae nyuma ya mpigaji, watatu wadake, na kila baada ya mipira mitano wapokezane. Ukiwasikiliza umekwisha. Kila mtoto atapiga, kila mtoto atarusha, kila mtoto atakimbia, na yote hayo kabla ya kengele. Watarudi darasani wamelowa jasho, wanacheka, wana njaa.

Waambie vifaa hakuna. Hapo serikali imekusaidia: tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, mpira wa juala umekuwa adimu, nawe ni raia mtiifu. Akitokea mtoto akakukumbusha kwamba soksi kuukuu ikijazwa matambara na kufungwa uzi ni mpira tosha, na kwamba ubao wa deski lililovunjika ni gongo, mtume akachote maji.

Njia iliyo sahihi ni mchezo mmoja, gongo moja, watu 60. Sheria inaruhusu wadakaji tisa tu uwanjani. Wewe weka 30, maana tunajali usawa. Wale 30 wengine wapange foleni ya kupiga. Dakika kumi zitapotea mkitafuta ufunguo wa stoo, tano mkibishana nani aanze. Zinabaki 20. Kila mpigaji akichukua dakika moja, watoto 20 watapiga mara moja moja na kumi watajifunza subira, ambayo nayo ni somo. Wewe utakuwa kivulini na kipenga mdomoni, ukisahihisha madaftari.

Timu zichaguliwe hadharani. Wateue wale wawili wenye mbio kuliko wote, wachague mmoja mmoja, mpaka abaki yule ambaye hakuna anayemtaka.

Mimi nilikuwa huyo anayebaki, kuanzia darasa la kwanza mpaka la nane. Kituo changu kilikuwa kule mwisho, karibu na vyoo, ambako nyasi zilijaa kishona nguo. Nikawa fundi wa kuzichomoa zile mbegu nyeusi kwenye soksi, moja moja, bila kukatika. Siku moja nikasikia jina langu likiitwa na watu 30 kwa mpigo. Nikauficha uso kwa mikono miwili. Mpira ukaanguka hatua mbili kutoka niliposimama, ukabingirika taratibu hadi kwenye kiatu changu, ukatulia. Nikauokota. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na bado una joto la mikono ya wenzangu. Nikautupa kwa nguvu zangu zote, ukaenda chooni. Siku hiyo raunda moja ilipatikana kwa starehe, mpigaji akimaliza kwa kutembea.

Mwalimu mkuu akiuliza habari za vipaji, mtajie kriketi, binamu tajiri wa raunda: mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, hadi India ilipoitoa kule Durban. Mwambie vipaji hujitokeza vyenyewe, mradi visikae karibu na vyoo.

Kengele ikilia, hesabu gongo kwanza, watoto baadaye.

Na siku ambayo mwalimu wa hisabati hayupo na mkaguzi hayupo, unaweza kujaribu kitu kidogo. Mwendee yule aliyesimama kwenye kishona nguo, mpe ubao wa deski, mwitie wenzake watano. Soksi kuukuu ninazo mimi, njoo uchukue. Ila usimwambie mtu ni nani aliyekupa.