Bosi Avunja Rekodi

Chumvi ya pwani ya Galu haina mwenyewe. Inakula bawaba, inakula jiko la gesi, na gari lisilooshwa linatoboka chini mwenyewe akiliangalia. Ndiyo sababu bosi wangu, Mjerumani mwenye nyumba karibu na ufuo, kila akirudi kwao huniachia maagizo: jenereta liwashwe, pampu ya bwawa izungushwe, madirisha yapigwe hewa. Safari hii likaongezeka jengine. Mashine yake mpya ya mazoezi isikae bure. Mtu awe akiivuta kila wiki, kamba zisije zikaganda. Mtu mwenyewe ndiye mimi. Sidhani kama kuna mwengine kutoka hapa hadi Msambweni anayelipwa mshahara kunyanyua kitu ambacho hakipo.

Hakipo kweli. Mashine haina hata kipande cha chuma cha kupimia uzito. Ina kioo kirefu cha kugusa, kamba mbili zenye vishikio, na ndani yake mota za umeme. Ukiiambia kilo arobaini, mota zinaishikilia kamba kwa nguvu ya kilo arobaini, na mkono haujui tofauti. Sasa uzito wa umeme una tabia ya umeme. Siku moja nimeegemea nyuma mzimamzima, meno nimeyauma, tokeni za umeme zikaisha. Kilo zote arobaini zikatoweka papo hapo. Mimi nikaenda na kochi, kochi likaenda na ukuta, na picha ya mamake bosi ikateremka yenyewe kuja kuona kuna nini.

Lakini hayo ni madogo. Kazi iko kwenye modi. Ile ya kawaida haina maneno: unavuta, unarudisha, uzito ni uleule. Ya kasi moja sikuipenda, maana ukitia bidii nayo inatia bidii kukuzuia, kamba inakuja kwa mwendo wake tu, na kwa dharau hiyo bora nikang'oe magugu. Kisha kuna modi ya kushusha. Hapa unasimama na uzito wako wa kawaida, lakini ukianza kuchuchumaa mashine inakuongezea kilo za juu, iwe unashuka huku unapigana. Wakati wenyewe huhisi kitu. Nikajiona simba. Nikaoga, nikala wali wangu, nikalala.

Maumivu ya modi hiyo huja kwa miguu, yanafika baada ya siku moja au mbili. Yangu yalifika Ijumaa, msikitini. Kusujudu nilisujudu vizuri. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kesi. Mapaja yakagoma yote mawili, imamu ametoa salamu, safu zimeanza kuvunjika, mimi bado paji la uso liko kwenye mkeka. Mzee mmoja akawanyamazisha vijana mlangoni: mwacheni, ana haja zake kwa Mola. Alikuwa sawa. Haja yangu ilikuwa magoti.

Nikaenda kusoma. Kumbe mambo haya yamechunguzwa zamani. Mwaka wa 1952, watafiti watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, walizipanga baiskeli mbili zikipeana migongo, wakaziunganisha kwa mnyororo mmoja. Mmoja akanyage pedali kwenda mbele, mwenzake kazi yake ni kuzizuia tu. Wakaionyesha mbele ya wakubwa wa Royal Society, London: mwanamke mwenye umbo dogo akizuia, bwana mkubwa akikanyaga. Haukupita muda bwana akaishiwa, na bibi wala hana habari. Msuli unaozuia huku unarefuka hubeba mzigo mkubwa kwa pumzi chache. Malipo yake, kama nilivyoonyeshwa Ijumaa, ni baadaye. Nikamhadithia mjomba, na mkewe akawa anasikiliza kutoka jikoni kwake.

Mjomba ameng'oa nanga tangu ujanani, Shimoni. Baadaye akaja kuniletea samaki, akaikuta mashine iko kwenye modi ya mnyororo, akajaribu. Huko kadiri unavyovuta ndivyo uzito unavyozidi.

"Hii si nanga hii?" akasema. "Mwanzo unavuta mnyororo tu, mwepesi. Nanga yenyewe iking'oka, ndiyo uzito wote unakuja. Unadanganywa mwanzo, mwanangu."

Jina la modi lenyewe si la bure: wanyanyua vyuma hufunga minyororo hasa kwenye chuma chao, na kila wakinyanyua pete zinaacha sakafu moja moja. Mjomba akavuta kama anayekimbizwa na kusi, kikoi kiunoni, huku akiniuliza bei ya dizeli. Kioo kikaanza kurusha fataki na nyota.

Tatizo ni kwamba mashine inamjua mtu mmoja tu duniani. Kila kamba inayovutwa Galu inaandikwa jina la bosi, na taarifa inamfikia kwenye simu huko Munich. Kumbe majuma yote niliyokuwa navuta mimi, simu ilikuwa ikimwambia kwa heshima kwamba nguvu zake zinashuka, apumzike, anywe maji. Alishaenda hadi kwa daktari. Siku hiyo ya mjomba, bosi yuko mezani na mkewe, simu inampongeza: umevunja rekodi yako ya maisha.

Akapiga WhatsApp saa ileile. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Hakukasirika hata. Ana kikundi cha wazee wenzake wenye mashine kama hiyo, wanashindana, na amewapita wote. Alitaka kujua kitu kimoja: huyo aliyevuta anaweza kuja tena Jumanne?

Nikampa mjomba simu. Akakohoa, akasema nauli ya tuktuk juu ya bosi, chai na mahamri, na siku za maji mafu tu, maana siku za bamvua ana kazi zake. Nanga atavuta yeye. Hiyo ya kushusha, bei ni mbali, na itafanywa na mkewe.