Sifa za Mtumbwi wa Nchi Kavu

Kila kitu Dodoma kina wa kukisemea. Zabibu zina wakulima na watengeneza mvinyo. Mbuyu una wapiga picha. Ng'ombe wa Kigogo ana mwenyewe, ambaye akianza kumsifu utakosa basi la mwisho. Lakini mtumbwi uliolala juu ya tope kavu kule Bahi, karibu kilomita 400 kutoka baharini, hauna wakili. Wapita njia huutazama kama ajali iliyotokea polepole. Mimi nimejitolea kuutetea, na sitaomba posho.

Tuanze na ukoo, maana hasifiwi mtu ambaye haijulikani katoka wapi. Chombo cha majini kilichoko nchi kavu si jambo la jana katika Ugogo. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya 300, na katika mizigo yao mlikuwa na mashua ya futi 40, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ibebeke mabegani. Desemba ile mashua ilikuwa ikivuka Ugogo kwa miguu ya watu, miiba kulia, miiba kushoto, wapagazi wakihema chini ya kitu ambacho kwa haki kilipaswa kuwabeba wao. Baadaye ilizunguka Ziwa Victoria, ikateremka Mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila. Ilianzia safari nchi kavu ikaishia nchi kavu. Maji yalikuwa katikati tu.

Ndugu yake mkubwa alipita kwa reli. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikatiwa masandukuni, na Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaipitisha Dodoma kama shehena nyingine yoyote. Iliingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma haishikiki tena, hawakuilipua. Waliipaka mitambo grisi nene, wakaizamisha kwa taratibu, ingoje siku njema. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaisafisha, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Sijui chombo kingine kilicholazwa kwa adabu kiasi hicho, ukiacha vya Bahi.

Sasa tuje kwenye kulazwa kwenyewe, na hapa ndipo bara linapoipita pwani. Mwenye jahazi pwani akitaka kulipumzisha anaanza kuhangaika. Asubiri bamvua ili maji yaje juu, akipandishe chombo, kisha maji yakipwa akiegemeze kwa gadi kisilale ubavu. Atafute fundi wa kalafati wa kugongomea pamba kwenye maungio ya mbao. Achanganye shahamu na chokaa apate deheni ya kupaka chini. Awalishe vijana wa kusukuma, na kila kijana ana njaa ya watu wawili. Mwisho wa siku chombo kimepumzika, mwenyewe amechoka.

Mvuvi wa Bahi hana taabu hizo. Pwani mtu hukitoa chombo majini. Bahi maji hujitoa chini ya chombo. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba na kuaga mnamo Aprili, na Mto Bubu unaoshuka kutoka Kondoa huyamwaga maji yake katika bonde lisilo na mlango wa kutokea. Ziwa hutanda, jembamba kwa kina, nene kwa upana, na watu hulipita kwa pondo. Maji yake yana njia moja tu ya kwenda, nayo ni juu, kwa jua. Miezi ya kiangazi hunywea hadi yakabaki madimbwi, na ukame ukizidi hayabaki hata hayo. Mvuvi hahitaji bamvua wala vijana. Huuacha mtumbwi alipoufunga jana, akaenda shambani, na akigeuka ziwa limeshaondoka bila kuaga. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Tofauti ni kwamba chungu wa Bahi anajua tarehe ya kifuu kukauka.

Usogelee mtumbwi huo Agosti, ukiwa umelala hivyo. Tope limepasuka vigae vigae mpaka chini ya ubavu wake. Ubao umekuwa wa kijivu. Ufa umeanzia puani ukafuata uzi wa mti hadi karibu na kikao cha nyuma, unaweza kuingiza kidole cha shahada, na humo unaning'inia utambi wa pamba iliyowahi kuwa nyeusi kwa lami. Chini kuna magamba ya perege yaliyong'ang'ania kama vipande vya kucha. Kuku amechagua kona yenye kivuli, ana mayai, na anakutazama kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Nje, upande wa jua, ameanikwa kambale aliyepasuliwa. Mzee mmoja amekaa ukingoni anachonga mpini. Mtoto yumo ndani anapiga makasia kwa kijiti, na kwa mwendo alio nao atafika Kigoma kabla ya chakula cha mchana. Niambie ni jengo gani la umma lenye watumiaji wa aina nne kwa wakati mmoja, na hakuna anayelalamikia huduma.

Maadui wake watasema: unavuja. Ni kweli, unavuja. Mbao zikikauka hunywea, maungio hufunguka, na msimu ukirudi mtumbwi hunywa maji kuliko ng'ombe. Lakini angalia dawa yake. Mwenyewe huujaza maji makusudi, akaulaza nayo siku kadhaa, mti ukafura na nyufa nyingi zikajifunga zenyewe. Zile kaidi hupata pamba na lami. Chombo kinazibwa na kitu kilekile kinachotishia kukizamisha. Ukivuja bado, kuna kopo la kukumbia maji, na mwenye kopo mkononi halali kazini. Vyombo visivyovuja ndivyo vinavyotuletea misiba, kwa sababu vinamfanya nahodha ajione fundi.

Tena mtumbwi huu ni mpimaji wa hali ya maji asiyedai mafuta ya gari. Nenda Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambako Ruaha Mkuu na Kisigo hukutana nyuma ya bwawa. Kitaalamu bwawa hujaa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na maji yakishuka hadi mita 690 mitambo husimama. Kituo chenyewe ni cha megawati 80, na maji yaleyale huteremka kuzalisha megawati 204 Kidatu. Mwaka 2006 ukame ulipoyashusha, mgawo wa umeme ulifika hadi sebuleni Dar es Salaam, na taifa zima likajifunza kutamka jina la Mtera gizani. Mtumbwi wa ukingoni pale hauhitaji tume. Leo unaelea, wiki ijayo umekalia tope, mwezi ujao mvuvi anatembea hatua mia kuyafuata maji. Taarifa imetolewa, na hakuna ukurasa wa kiambatisho.

Ila sifa kubwa nimeiweka mwisho wa hesabu. Mtumbwi uliolala hauvui. Hapo ndipo unapomzidi kila mtu katika sekta yake. Sheria za uvuvi tunazo, doria tunazo, na nyavu haramu tunazichoma moto mbele ya kamera. Kesho yake kokoro liko majini. Mwaka 2024 ilibidi Ziwa Tanganyika lifungwe miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ilihitaji makubaliano ya nchi nne na vikao visivyo na idadi. Bahi kazi hiyo hufanywa na jua kila mwaka, bila kikao, na halijawahi kupokea bahasha. Kambale, ambaye Mungu amempa uwezo wa kuvuta hewa, hujibana kwenye madimbwi na matope yaliyobaki. Mwindaji wake amelala juu ya bonde hilohilo, tumbo wazi, hana hila. Mvua ikirudi wote wawili huamka, na samaki huyafuata maji mapya kwenda kutaga. Ukiniuliza mkataba wa amani, ni huo.

Wala si kwamba Dodoma haina la kusema kuhusu vyombo. Wizara ya Mifugo na Uvuvi imo humuhumu, katika Mji wa Serikali Mtumba. Dagaa wa Mwanza, migebuka wa Kigoma, jodari wa Bahari ya Hindi, wote mambo yao huamuliwa katika mkoa ambao mitumbwi yake mingi nusu ya mwaka ni mabanda ya kuku. Wengine wanaona kichekesho. Mimi naona busara: aliyelala nchi kavu ndiye mwenye nafasi ya kufikiri. Na kwa uaminifu kwa makao makuu, mtumbwi hauna mshindani. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, wapo watumishi ambao Ijumaa jioni huwaoni, wameshapanda treni ya SGR kurudi Dar es Salaam. Mtumbwi wa Bahi Ijumaa uko palepale, Jumamosi palepale, na Jumatatu hauna haja ya kusaini kitabu cha mahudhurio.

Naomba basi, Nanenane ijayo pale Nzuguni, kati ya madume ya ng'ombe na meza za mvinyo, uwekwe mtumbwi mmoja wa Bahi pamoja na ufa wake, usipakwe rangi. Mgeni rasmi akifika asielezwe namna ya kuuboresha, wala asionyeshwe mfano wa kisasa wa plastiki. Aelezwe tu kwamba huyu ndiye mtumishi pekee wa sekta ya uvuvi anayekwenda likizo kwa wakati, anarudi kwa wakati, na kila akiondoka kazini samaki wanaongezeka.