Jifunze Kuruka Kabla ya Kupiga

Anza na meza. Chukua futi kamba uipime, kisha uitikise. Ikiyumba, kunja kipande cha boksi ukiweke chini ya mguu wake mfupi. Vita vya madubwana ya chuma huanzia kwenye fanicha, na rubani ambaye meza yake inacheza hafiki mbali.

Mchezo wenyewe ni Steel Battalion, ambao kwao Japani unaitwa Tekki, jina linalobeba chuma na mpanda farasi kwa pamoja. Capcom waliutoa mwaka 2002 kwa mashine ya Xbox ile ya kwanza, na hawakuutoa na pedi ya kushika viganjani. Waliutoa na dashibodi: fimbo mbili, moja kwa kila mkono, vitufe takriban 40, swichi tano zilizojipanga mstari mmoja, gia ya kusukuma, kitufe cha kuzungusha cha kutafutia masafa ya redio, na huko chini sakafuni, pedali tatu. Nchini Marekani uliuzwa dola 200, mwaka uleule ambao Xbox yenyewe ilishushwa hadi dola 199. Aliyenunua vyote viwili alilipa zaidi kwa usukani kuliko gari zima, na mimi nasema hakupunjwa.

Kalia kiti cha mezani. Kochi halifai, kwa sababu kila ukikanyaga breki utazama nyuma, na pedali zitakukimbia kuelekea kwenye televisheni. Kama sakafu yako ni ya vigae, tandika zulia chini ya pedali. Waombe wa nyumbani wakuachie saa moja, na watoto wadogo wawe chumba kingine: vitufe hivi vinawaka taa, na mtoto hawezi kuona taa inawaka asiibonyeze.

Sasa usiguse fimbo. Dubwana limezimwa, nawe umo ndani yake. Katika mchezo huu linaitwa Vertical Tank, yaani kifaru kilichosimama wima, na kama kifaru chochote cha jeshi, hakiamki kwa kupigiwa kelele. Funga kwanza mlango wa chumba cha rubani; una kitufe chake. Bonyeza kitufe cha kuwashia, subiri kompyuta ya ndani iamke. Pandisha swichi tano moja baada ya nyingine: oksijeni, kichujio, mafuta, na nyingine zilizobaki. Kisha ndipo ubonyeze kitufe cha kuondokea, kwa wakati wake. Haraka haitakusaidia. Misheni ya kwanza inakukuta bado unawasha huku kambi inashambuliwa, na kuta zinatikisika pande zote. Watu wazima, wenye leseni za kuendesha magari, hupaparika hapo wakasahau swichi ya tatu. Wewe hesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Anayehesabu kwa sauti huwa ametoka nje ya banda kabla mwenzake hajamaliza kulalamika.

Kuhusu kutembea: aliyejifunzia gari la gia yuko mbele ya aliyejifunzia otomatiki. Una gia ya 1 hadi ya 5, una nyutro, una rivasi. Pedali ya kulia ni mafuta, ya kati ni breki, na ya kushoto ni ya kuchepuka ghafla pembeni, hatua moja ya kukwepa kombora. Fimbo ya kushoto inageuza mwili, ya kulia inalenga na kupiga. Utatamani kwenda vitani kwa gia ya 5. Ukiwa kwenye uwanda ulionyooka, nenda. Ila ukifika kwenye kona, shusha gia kwanza, maana kifaru kinachotembea kwa miguu miwili kina tabia ya kila kitu chenye miguu miwili: ukikikatisha kwa kasi, kinaanguka. Na kifaru kilicholala chali mbele ya adui hakina heshima yoyote, hata kiwe kimebeba mizinga ya aina gani.

Mengine utayazoea. Risasi zikiisha kwenye magazini, kubadilisha kuna kitufe chake. Moto ukiwaka, kizimamoto kina kitufe chake. Kioo cha kuonea kikichafuka, kuna kitufe cha kukiosha, na nakuhakikishia itafika siku utasimama katikati ya vita ukiosha kioo kwa utulivu kama dereva wa basi asubuhi kituoni, na utajisikia rubani wa kweli kuliko ulipoangusha adui wako wa kwanza.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Upande mmoja wa dashibodi kuna kitufe kilichofunikwa kwa kifuniko cha plastiki, kama vile vitufe vya dharura kwenye mitambo ya kiwandani. Ni kitufe cha kutokea. Kifaru kikizidiwa, kitufe kile kinaanza kuwaka na kuzima kwa rangi nyekundu. Una muda mfupi sana. Inua kifuniko, piga kitufe, kiti kinakurusha nje, unaishi. Ukichelewa, rubani wako anakufa, na mchezo unafuta kila ulichohifadhi. Misheni ulizoshinda, saa ulizotumia, vyote vinaondoka. Unarudi kwenye banda lile la kwanza, swichi ya kwanza, kama mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Wapo waliokasirika, na bado wapo wanaokasirika. Mimi nauona huo ndio moyo wa mchezo. Michezo mingi inatufundisha kwamba kufa si kitu: unakufa, unabonyeza, unarudi ulipokuwa, adui yuleyule amesimama mahali palepale akikusubiri. Hapa kufa kuna gharama, kwa hiyo kila uamuzi una uzito. Timu ya mtayarishaji Atsushi Inaba ingeweza kuyatia haya yote kwenye pedi ya kawaida, kitufe kimoja cha kupiga na kimoja cha kukimbia. Wao wakaweka kifuniko juu ya kitufe cha uhai, ili mkono wako ulazimike kuacha fimbo, uache kupiga, ukubali kwamba umeshindwa, halafu ndipo ujiokoe. Wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na sijaona mchezo mwingine wa video uliotengeneza methali hiyo kwa plastiki.

Kwa hiyo fanya mazoezi ya kuruka kabla ya mazoezi ya kupiga. Mashine ikiwa imezimwa, funga macho kwa leso. Shika fimbo zote mbili. Mtu asimame nyuma yako aseme “Ruka!” bila kukutahadharisha. Inua, piga. Rudia mpaka mkono ufike wenyewe bila kupapasa. Adui wako mkubwa si aliye mbele ya mzinga wako. Ni ile sauti ya ndani inayokwambia: bado risasi mbili, naye yuko hoi, nimalize kwanza huyu. Usiisikilize. Kifaru kipya kinagharimu, kweli, kinakatwa kwenye akiba yako ya mchezoni, lakini akiba ikitosha kinapatikana. Rubani mwingine hapatikani.

Mwaka 2004 ulitoka mwendelezo, Line of Contact, uliowakutanisha marubani kwa intaneti kupitia huduma ya Xbox, na seva zake zikafungwa mwaka uliofuata. Dashibodi ile haikupata mchezo mwingine rasmi baada ya hiyo miwili. Mwaka 2012 Capcom na FromSoftware wakajaribu tena na Heavy Armor kwenye Xbox 360. Safari hii dashibodi nzima iliondolewa, na kamera ya Kinect ikapewa kazi ya kusoma mikono ya mchezaji hewani. Ikawa inaisoma vibaya. Mtu ananyoosha mkono kuvuta kitu kimoja, mashine inaelewa kingine, na kifaru kinateketea huku dereva anapunga hewa. Wachezaji waliukataa, na walikuwa na haki. Kitufe unachokigusa kwa kidole hakikuelewi vibaya.

Dashibodi zilizobaki leo zinapita mkono kwa mkono kama mitumba, na wapo mafundi walioandika programu za kuziunganisha na kompyuta ili zisife na Xbox yake. Ukikutana na mtu anauza, usimsikilize anavyosifu fimbo. Zikague pedali tatu kama zinarudi zenyewe baada ya kukanyagwa. Pandisha na kushusha swichi zote tano. Kisha inua kile kifuniko cha plastiki ubonyeze kitufe kilicho chini yake. Kama hakibonyezeki, mrudishie mwenyewe na uende zako, hata akikupunguzia nusu ya bei.