Namna ya Kujaza Gunia Lisilojaa

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na yauzwe kwa mzani uliohakikiwa. Isome vizuri. Huwezi kukaidi sawasawa kitu usichokijua.

Sasa wewe unataka kuingia kwenye biashara ya mpunga bonde la Kilombero, na umesikia kwamba faida iko kwenye rumbesa. Umesikia kweli. Ila elewa kwamba huu si wizi wa kunyata. Gunia la rumbesa linaonekana kutoka barabarani: limevimba ubavu, limeongezwa shingo kwa kipande cha gunia jingine, juu limefungwa kilemba cha kamba. Mtendaji wa kijiji analiona, mgambo analiona, mtoto wa darasa la pili analiona. Kazi yako si kulificha. Kazi yako ni kusimama kando yake kifua mbele.

1. Wahi msimu. Mpunga huanza kuvunwa Mei. Juni ukishika njia ya Mlimba kutoka Ifakara, upite Mbingu, Mngeta, Chita, utawakuta watu wana mpunga uani na mfukoni hawana kitu. Au vuka mto uende upande wa Lupiro. Zamani ungesingizia foleni ya kivuko. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 huna pa kujitetea. Wajanja zaidi hufika Februari, mpunga ukiwa bado kijani. Mkopeshe mtu hela ya palizi, mkubaliane atalipa kwa magunia. Idadi ya magunia andikeni, hata mashahidi waitwe. Ukubwa wa gunia msiuzungumze siku hiyo.

2. Beba mzani. Ndiyo, beba. Mnunuzi asiye na mzani anatiliwa shaka. Chukua wa kidijitali, mzuri, uuweke pale kila mtu auone, kisha ugundue kwamba betri imekwisha. Sikitika kidogo. Ulizia kama kuna duka la karibu lenye betri, na usingoje jibu. Hapo ndipo utamsikia mkulima mwenyewe akisema, "Basi tupime tu kwa debe." Umeona? Hukumlazimisha mtu.

3. Debe liwe lako. La kwake limenyooka, halina uzoefu. Lako limetanuliwa mdomo, kitako kimesukumwa nje kwa nyundo, na limezoea kubeba kilima juu bila kumwaga. Ukilijaza usilipangusie usawa wa mdomo. Wakati wa kumimina, kijana mmoja alishike gunia alitikise, alinyanyue na kulibwaga chini, punje zishuke. Mpunga una maganda, una hewa nyingi katikati yake. Ukitikiswa vizuri gunia lililojaa linakuwa halijajaa tena. Hii ni sayansi, na inafanyika mbele ya mwenye mali.

4. Andaa maneno. Hapa usiharakishe, maana wengi wenye mtaji mkubwa wameangukia hapa. Neno rumbesa usilitamke kijijini hata mara moja. Pale hakuna rumbesa, kuna "gunia la huku". Mkulima akiuliza, "Si limejaa hilo?" mjibu kwa upole, "Limejaa, shemeji. Sasa tunalifunga." Kisha lifunge kwa madebe mawili. Debe la kwanza liite la kushonea, kwa sababu sindano lazima ipate pa kushika. La pili ni la unyevu: utafune punje moja, ukunje uso, useme mpunga bado mbichi, ukifika mjini utapungua. Akibisha kwamba ameuanika siku nne kwenye turubai, usibishane naye. Mpe pole ya jua la mwaka huu, uhamie kwenye panya. Panya hawana wa kuwatetea.

Yupo mkulima mmoja kila kijiji aliyehudhuria semina. Huyu atataja kilo. Usimdharau, msifu mbele ya wenzake, mwambie ungependa kijiji kizima kiwe na watu kama yeye. Kisha mnong'oneze kwamba yeye utampimia kwa utaratibu wake, ila wa mwisho, gari likiwa na nafasi. Gari halitakuwa na nafasi.

Na hilo la ushemeji usilichukulie kirahisi. Mtu akikuita mnunuzi atahesabu debe. Akikuita shemeji ataona aibu kuhesabu. Ulizia watoto, ulizia nani anaolewa baada ya mavuno, chukua kadi ya mchango na uahidi. Ahadi haina uzito, hata mzani uliohakikiwa hauioni.

5. Makuli. Gunia hilo halipandi garini kwa mtu mmoja kulinyanyua. Wawili wanamtwisha wa tatu, naye anatembea kwenye ubao magoti yakitetemeka. Wanalipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kila ulichoongeza juu wao wanakibeba bure. Wakinung'unika waambie vijana wa siku hizi wamekuwa laini, wa zamani walikuwa wanabeba mawili. Atatokea mmoja wa kuthibitisha kwamba yeye si laini.

6. Kizuizi cha ushuru. Hapa rumbesa inakulipa mara ya pili. Mkusanyaji anahesabu magunia, na magunia manane makubwa ni machache kuliko kumi ya halali. Halmashauri inapoteza sawasawa na mkulima, tofauti ni kwamba halmashauri hukuiita shemeji. Lipa kwa furaha, dai risiti. Idai kwa sauti. Watu watakuona mzalendo.

7. Mikutano. Karibu kila msimu kiongozi hupanda jukwaani kutangaza kwamba rumbesa ni marufuku. Usikose. Kaa mstari wa mbele, piga makofi kabla hajamaliza sentensi, na maswali yakiruhusiwa simama uulize serikali ina mpango gani na hawa walanguzi. Ukirudi nyumbani endelea na kazi. Kuikaidi amri uliyoipigia makofi kuna heshima yake. Anayekuja kukukamata anabaki akijiuliza kama amekosea mtu.

8. Mikese. Ukishapita Morogoro utakutana na mizani ya barabarani, na hii si ya kuchezea betri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya uzito wa magari mwaka 2016, ikaanza kubana kwetu Machi 2019, na hata lori kubwa kabisa halitakiwi kuvuka tani 56. Fuso lako litapimwa ekseli kwa ekseli. Hapa ndipo dereva, aliyekuwa anacheka kule Mngeta debe la pili likimiminwa, anapoanza kutoa hesabu za kilo kama mhasibu. Kila mtu barabarani anajua uzito wa gari lako. Uzito wa gunia moja moja unabaki siri yako na shingo ya kuli.

Ukibanwa na maofisa wa Wakala wa Vipimo kabla hujafika huko, usikimbie, mzigo hautakufuata. Sema magunia yalifungwa na mkulima mwenyewe kwa hiari yake. Ni kweli kabisa: alishika sindano.

9. Tandale. Mpunga umekobolewa, umekuwa mchele, na sasa uko sokoni unauza. Toa ule mzani. Weka betri mpya. Panga vijiwe vya kulinganishia, elekeza kioo upande wa mteja, punguza punje tatu kwa kijiko ili kilo isomeke kilo. Wateja watakupenda kwa uaminifu wako, na kwa kweli utakuwa mwaminifu, maana kuibia mtu mwenye mzani ni kazi ya kijinga.

Ukifunga duka jioni, pitia kwa mama wa maharage uchukue sado moja ya nyumbani. Kabla hajamimina, ingiza mkono ndani upapase kitako. Ukikikuta kimebonyezwa kuja juu, piga kelele hapohapo, soko zima lisikie, na umuulize kama anaijua Sura ya 340.